Nyekundu ya Chini

Kambini, 3 Februari

Dada,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima na Baba hajakugombeza leo kwa sababu chai imepoa. Mimi sijambo, ila masikio yanavuma kutwa kwa sababu ya kompresa, ile mashine ya kusukuma upepo, na mchanga nautafuna hata kwenye mkate.

Mwambie Baba nimefika kwenye daraja lake. Mwambie hivyo hivyo, daraja lake. Nilipoomba kazi hii sikumwambia mtu kwamba baba yangu alilipaka rangi ujanani mwake, lakini mzee anayelinda lango alinikazia macho akasema, "Wewe ni mtoto wa Fundi Brashi, pua haijifichi." Basi habari zikaenea, na sasa mafundi wangu wananiita Brashi Ndogo. Najifanya sisikii.

Chuma kimechoka. Kwa mbali daraja linaonekana zima, la kijivu, limenyooka juu ya mto. Ukisogea ndipo unaona kwenye viungo, pale maji ya mvua yanapotuama, rangi imevimba kama ngozi iliyoungua. Ukiibonyeza kwa kidole inapasuka, na ndani ni unga wa kutu. Kutu haina haraka. Inaingia penye mkwaruzo mmoja tu, halafu inatembea chini kwa chini, juu kunang'aa na ndani kunaliwa. Sisi tunapuliza mchanga kwa nguvu ya upepo kuondoa kila kitu, chuma kibaki kitupu, kisha tunapaka upya.

Rangi ya kijivu ya juu inatoka kama ganda la yai. Ya kijani iliyo chini yake inatoka kwa kubembelezwa. Lakini chini kabisa ipo nyekundu, na hiyo, dada yangu, haitoki. Imekishika chuma kana kwamba walizaliwa pamoja. Popote ilipo, chuma kilicho chini yake hakina hata doa. Mafundi wanamlaani aliyeipaka, na mimi nacheka peke yangu ndani ya kitambaa nilichojifunga usoni.

Msomee Baba hapo. Mwambie mikono inatuuma kwa sababu yake.

Na mkono wake yeye unaendeleaje? Ulisema unatetemeka asubuhi. Na Chiriku je, bado anaongea mpaka usingizini? Mwambie mjomba wake anamkumbuka.

Mdogo wako,
Msasa


Nyumbani, 14 Februari

Mdogo wangu Msasa,

Marahaba. Sisi tupo, tunasukuma siku.

Nilimsomea Baba barua yako. Nilipofika kwenye nyekundu akaniambia nirudie. Nikarudia. Akasema nimeruka mstari. Sikuwa nimeruka kitu, alitaka tu kusikia tena. Tangu hapo hakuna aliyepona. Fundi wa baiskeli aliyesimama kuomba kivuli aliambiwa. Mwenye duka aliambiwa huku akipima sukari, mpaka akakosea mizani.

Na unavyomjua, maneno matupu hayamtoshi. Sasa anawapeleka watu uani kuwaonyesha tangi. Sijui kama niliwahi kukuandikia habari za tangi. Ulipoondoka, maji yake yalikuwa yameanza kutoka na rangi ya chai, kutu tupu, nguo nyeupe zikawa hazifuliki. Baba akayatoa yale makopo aliyorudi nayo kutoka darajani, yaliyokuwa chini ya kitanda chake na ukiyagusa anakukaripia. Akaingia ndani ya tangi na taa na brashi, akalipaka lote, chini na pembeni, likakauka, akalipaka tena. Nyekundu hiyo hiyo yako. Alitoka humo amelowa jasho, amefurahi kama bwana harusi. Karibu miaka miwili sasa maji ya mvua yanatoka meupe, matamu, bila hata chembe ya kutu. Mama Mapacha wa nyumba ya pili, ambaye hajawahi kusifu chochote chetu, aliyasifu.

Mkono wake ni uzee tu. Anashika kikombe kwa mikono miwili, basi. Anasahau sahau, juzi aliniita kwa jina la marehemu Mama, lakini nani asiyesahau. Usije ukaomba ruhusa kwa ajili hiyo.

Chiriku anakua. Huwezi kuamini, ameacha kelele. Anakaa, anatazama, ukimwita anachelewa kuitika. Mwalimu anasema masomo hayamwingii kama mwaka jana, lakini adabu anayo. Mimi nashukuru, maana nyumba ilikuwa haikaliki kwa maneno yake. Tumbo ndilo linamsumbua, na choo kigumu. Nimempa dawa ya minyoo, na zahanati wamenishauri anywe maji mengi, kwa hiyo nahakikisha anakunywa kikombe kikubwa kila akiamka na kila akitoka shule.

Jitunze na hayo mavumbi.

Dada yako


Kambini, 19 Februari

Dada,

Shikamoo. Barua yako bado sijaipata. Dereva wa lori la vifaa anasema barabara imekatika na barua zinalala njiani. Naandika hivyo hivyo kwa sababu nina hasira na hapa sina wa kumwambia. Mimi ndiye msimamizi, nikinung'unika mbele ya mafundi watalala kabisa.

Kazi imesimama. Tumeletewa mkaguzi wa rangi, mama mmoja mfupi, mpole, anayetembea na kipimo cha unene wa rangi mfukoni kama wengine wanavyotembea na miwani. Mwanzoni tulielewana sana. Alinionyesha kwamba chuma kioshwe kwa maji safi kabla ya kupulizwa, kwa kuwa upepo wa huku una chumvi, na chumvi ikifunikwa na rangi huvuta unyevu mpaka rangi ivimbe. Alinionyesha kwamba kingo na vichwa vya ribiti, zile pini zinazounga vyuma, vitangulie kupakwa kwa brashi, maana rangi ya kupuliza huikimbia ncha. Nikasema hapa nimepata mwalimu.

Juzi akaifikia nyekundu. Akabandua kipande kama ukucha, akakidondoshea dawa ya kichupa, kikageuka cheusi. Akatia vipande vingine kwenye bahasha, akampa dereva apeleke maabara, kisha akaniambia niwateremshe watu wangu. Nilimuuliza sababu. Akasema hapendi kusema jambo ambalo hana uhakika nalo, ila washuke, waoge, na mtu asitie kitu mdomoni kabla ya kuoga.

Wameshuka. Wanacheza karata, na maneno ni mengi. Wengine wanasema anatafuta chai yake, apewe kazi iendelee. Mimi sijafika huko, lakini tumeacha chuma kitupu kule juu. Chuma kilichopulizwa ni kama mtoto aliyetoka kuogeshwa, hakitaki kuachwa wazi. Usipokifunika siku hiyo hiyo, umande unakipiga na kesho kimeota kutu ya manjano kotekote. Kazi yote hiyo imekwenda na maji.

Na anachokishuku ni nyekundu ya Baba, kitu pekee kwenye daraja hili ambacho hakijafanya kosa. Hilo usimsomee.

Mdogo wako,
Msasa


TELEGRAMU
26 Februari

MSINYWE MAJI YA TANGI YANA RISASI FUNGA BOMBA BARUA INAKUJA MSASA


Kambini, 26 Februari

Dada,

Shikamoo. Telegramu nadhani imeshakufika. Nilidandia lori la mchanga hadi mjini kuituma, na kwa haraka nikayabana maneno. Sasa nakueleza vizuri.

Jana lori lilileta vitu viwili, majibu ya maabara na barua yako. Mkaguzi alinisomea majibu kwanza. Ile nyekundu imetengenezwa kwa risasi, ile metali nzito, iliyochomwa ikawa unga, ikakorogwa na mafuta. Ndiyo maana kutu haiisogelei. Lakini ikiingia mwilini, kwa vumbi au kwa mdomo, haitoki kwa urahisi. Inakaa kwenye damu, inahamia mifupani, inasumbua mishipa ya fahamu. Akanitajia dalili zake kwa mtu mzima, mikono kutetemeka, kusahau, tumbo kusokota. Nikasema moyoni, huyo ni Baba, miaka yote ile aliyoipaka. Akanitajia za mtoto, choo kigumu, mtoto mchangamfu kupoa, masomo kumtoka. Hizo sikuzijali, nilijua Chiriku hajawahi kufika darajani. Nikaenda kukaa juu ya magunia ya mchanga, nikafungua barua yako.

Sitaandika nilivyojisikia. Nilirudi kwa Mkaguzi nikampa barua asome mwenyewe. Alipofika kwenye tangi alivua miwani. Akaniuliza kama maji ni ya mvua. Nikasema ndiyo, kutoka kwenye bati. Akasema basi ni mabaya zaidi, kwa kuwa maji ya mvua ni laini na hula risasi kuliko maji ya kisima.

Kwa hiyo, Dada, maji hayo yasinywewe, yasipikiwe. Kuyachemsha hakusaidii, kunazidisha. Chota maji kwenye bomba la mtaani. Mpeleke Chiriku hospitali kubwa, siyo zahanati, uwaambie wampime risasi kwenye damu, kwa maneno hayo hayo, wasije wakakurudisha na dawa ya minyoo. Na wewe upimwe, na Baba. Tangi lisikwanguliwe, lisichomwe. Vumbi lake ni baya kuliko maji yake. Liachwe, likauke, nitatuma lingine la plastiki.

Sasa kuhusu Baba. Nakuomba usimwambie kwamba ni rangi yake. Mwambie tangi limetoboka, mwambie lolote. Wewe unajua lile tangi ni nini kwake. Hospitali mwambie ni kwa ajili ya mkono. Mwezi ujao nikipata ruhusa nitakuja nimwambie mwenyewe, taratibu.

Mdogo wako,
Msasa


Nyumbani, 28 Februari

Wewe Msasa,

Umetufanyia nini?

Telegramu yako ilifika jana jioni, ikaletwa na mjumbe wa posta aliyekuwa ameshaisoma, maana alinipa huku anaangalia juu ya paa. Yana risasi. Nikamwita Baba. Baba akauliza, nani kapiga tangi langu? Mjumbe akasema labda ni wale vijana wanaowinda ndege. Mama Mapacha, ambaye masikio yake yako ukutani kwetu, akaja na kusema kwamba kweli wiki iliyopita alisikia mlio. Kufumba na kufumbua uani pamejaa watu wanalizunguka tangi wakitafuta tundu.

Tundu halikuonekana. Fundi wa baiskeli akapanda juu akamulika ndani, akasema haoni risasi ya aina yoyote, labda imezama. Akaingiza mti mrefu, akakoroga. Akakoroga kweli kweli, mpaka chini. Hapakutoka kitu. Watu wakaanza kuulizana Msasa alijuaje, yuko safari ya siku nzima kutoka hapa. Mmoja akasema pengine umepigwa jua kule juu ya chuma.

Baba ndiye aliyemaliza maneno. Aliona wanaanza kulitazama tangi lake vibaya. Akachukua kikombe kikubwa, akafungua bomba, akajaza, akanywa chote mbele yao, akakigeuza kikombe kuonyesha hakijabaki kitu. Akasema, "Rangi iliyobeba treni itaangushwa na risasi?" Watu wakacheka, wakapiga makofi. Chiriku naye akapewa kikombe, akanywa.

Mimi nimefunga bomba kwa sababu umesema nifunge, ingawa najiona mjinga. Baba amelifungua tena. Nangoja hiyo barua yako. Kama ni mzaha, tutazungumza ukirudi.

Dada yako


Nyumbani, 11 Machi

Mdogo wangu,

Barua yako ilifika siku mbili baada ya mimi kukutukana. Nisamehe. Niliposoma neno metali nilikaa chini hapo hapo mlangoni. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema, na mimi nimekuwa nikimjazia mtoto kikombe mwenyewe nikimhimiza amalize.

Lakini na wewe nina la kukuambia. Uliniambia nidanganye, na nikadanganya. Nilimwambia Baba tangi limeoza kwa chini, linavuja, tusilitumie tena. Unajua alifanya nini? Aliomba ngazi. Nilimwambia aache, mikono yake haishiki vizuri. Akasema anaweza kuvumilia kuambiwa mkono wake umezeeka, ila hawezi kuambiwa rangi yake imeoza. Akapanda. Nilimshika miguu huku nalia, Msasa, na yeye hajui ninalia nini. Akaliangalia tangi kila upande, akateremka, akasema, "Halivuji. Sasa niambie."

Ningemwambia nini tena? Nilimsomea barua yako. Yote, hata pale unaposema asiambiwe.

Hakukasirika. Alisikiliza mpaka mwisho, na safari hii hakuniambia nirudie. Akauliza, "Mtoto ameyanywa tangu lini?" Anajua tangu lini, ni yeye aliyelipaka. Nikamjibu tu kwamba tangu tangi lilipopakwa. Akaenda bombani akalifunga, akalizungushia waya mara nyingi, akakaza kwa koleo. Kisha akachukua msasa akataka kuingia ndani ya tangi akakwangue, nikamzuia kwenye ngazi kwa mwili wangu. Nikamwambia Mkaguzi amekataza, vumbi lake ni baya zaidi. Akaniuliza, "Kwa hiyo hata kuitoa siwezi?" Nikasema huwezi. Akaukunja ule msasa akautia mfukoni, akaenda chumbani.

Hospitali tulikwenda sote. Daktari ni kijana, mwenye subira. Damu ya Chiriku imeonyesha risasi nyingi, ya Baba nyingi zaidi, yangu kidogo maana mimi mchana nipo kazini. Chiriku alilazwa, akapewa dawa ya kuivuta itoke, na amerudi jana. Daktari anasema kwa kuwa maji tumeyakatiza, na ni mtoto, mengi yatarudi. Nilimuuliza kama yote yatarudi. Akasema tumpe muda, tumlishe vizuri, maziwa, mboga za majani, maharage. Hakusema ndiyo. Nimelizingatia hilo.

Mama Mapacha naye nimemwambia, nikamwomba awapeleke watoto wake wapimwe, maana nao wameyanywa. Nilidhani atanitangaza mtaa mzima. Alinikumbatia, akaleta ndoo mbili za maji ya bomba, na sasa analeta kila siku kabla sijaamka.

Baba hataki kuongea. Anakula kidogo, anatazama nje. Mwandikie. Usimwandikie maneno ya kumfariji kama mgonjwa, atayakunja ayaweke pembeni. Mwandikie kazi.

Dada yako


Kambini, 19 Machi

Baba,

Shikamoo. Sina maneno mengi, nakuletea habari za daraja.

Tumeanza tena. Sehemu tunayopuliza inafungwa kwa maturubai pande zote, kama chumba, na kuna mashine inayovuta vumbi lisitoke. Mchanga uliotumika unatiwa kwenye mapipa unapelekwa kufukiwa, hauangushwi tena mtoni. Tumepewa barakoa za mpira zenye vichujio. Mafundi walizikataa. Walisema zinabana, zinatoa jasho, zinawafanya wafanane na nyani. Mkaguzi aliwaeleza kuhusu damu na mifupa, wakaitikia kwa adabu, na alipogeuka tu wakazishusha shingoni.

Basi nikawakusanya nikawaambia kuhusu Chiriku. Niliwaambia na habari zako. Sikukuomba ruhusa, na hilo naomba uniwie radhi. Niliwaambia kwamba Fundi Brashi, ambaye wanailaani kazi yake kila siku kwa sababu haibanduki, hawezi kushika kikombe kwa mkono mmoja. Hakuna aliyecheka. Walizipandisha barakoa usoni na hawajazishusha tena. Mmoja alibaki nyuma. Alikuwa amekusanya maganda ya ile rangi kwenye kopo, akitaka kuyasaga ayachanganye na mafuta akapake mlango wa nyumba yake, kwa kuwa aliona jinsi inavyodumu. Alinikabidhi kopo.

Rangi ya sasa ni ya zinki. Inapakwa kwanza, chuma kikiwa bado kikavu na kitupu. Mkaguzi anasema zinki hujitoa yenyewe iliwe, chuma kisiliwe. Juu yake zinakuja nyingine mbili. Kila moja tunaipima unene, ikipungua tunarudia. Sijui kama itadumu kama yako. Hakuna hata mmoja wetu atakayekuwepo kuiona.

Sina maneno ya kusema kuhusu tangi. Ulilipaka vizuri. Chuma chake ni kizima, Dada ameniandikia.

Mwanao,
Msasa


Nyumbani, 22 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako nimeisoma mwenyewe, kwa hiyo mwandiko huu uvumilie, kalamu na mimi hatuelewani siku hizi.

Ulifanya vizuri kuwaambia mafundi wako. Uliponiomba radhi nilikasirika kidogo, kisha ikapita.

Lile kopo la maganda ndilo lililoninyanyua kitandani. Nilikumbuka kwamba sikuwa peke yangu. Daraja lilipokwisha, msimamizi wetu alisema makopo yaliyobaki kila mtu achukue, ni zawadi. Tukashangilia. Tulikuwa watu wengi, na kila mmoja alikwenda kwake na nyekundu. Sasa tumebaki wachache, lakini nyumba zipo na watoto wamo. Nilimwambia dada yako anitafutie shati safi.

Nilianza kwa Kobe, unamkumbuka, aliyekuwa akipaka taratibu mpaka treni inamsubiri. Amenenepa. Alipaka kabati la jikoni, ndani na nje, mikate yao inakaa humo. Nilipomweleza alicheka, akasema tumeishi nayo maisha yetu yote na hatujafa. Sikubishana naye. Nilimwambia anyooshe mkono wake mezani. Akaunyoosha. Nikauweka wangu pembeni. Ilitetemeka yote miwili, wa kwake kidogo kuliko wangu. Kisha akamwita mke wake akamwambia atoe vyombo kabatini.

Siku iliyofuata tulitembea pamoja. Wawili tuliwakuta, mmoja amehama, mmoja alitufungia mlango. Kwa huyo tutarudi, Kobe amesema atakaa kizingitini mpaka ahurumiwe, na kwa kukaa simjui anayemshinda.

Chiriku tulimwacha na dada yako. Ameanza kugombana tena na watoto wa jirani, mwalimu amelalamika, na dada yako alipopata malalamiko hayo aliimba siku nzima.

Nilichotaka kukuandikia ni hiki. Jana tulikwenda kwa mwenzetu wa darajani, marehemu Mrefu. Ulikuwa mdogo alipofariki. Mjane wake anaishi na mjukuu, mtoto wa binti yao aliyefariki akijifungua, ambaye ndiyo kwanza anajifunza kusimama. Tulimkuta amesimama ndani ya kitanda chake cha chuma, ameshika ukingo wa mbele kwa mikono yote miwili, anautafuna. Kitanda chote chekundu. Mrefu alikichomelea mwenyewe binti yao alipozaliwa, akakipaka, kila kona imefunikwa, huoni alama ya brashi. Mimi sikuwahi kupaka vizuri hivyo.

Nilimweleza mjane. Nilimweleza polepole, na nilimwambia habari za mjukuu wangu. Alisikiliza, kisha akasema tunaweza kuchukua chochote nyumbani mle, hata mlango, lakini siyo kitanda. Akasema, "Hiki ndicho kilichobaki cha mume wangu."

Kobe akanitazama. Nilisema tu nilichokuwa nakiona.

"Na huyu aliyemo ndani yake?"

Mjane alikwenda chumbani, tukadhani ametufukuza, Kobe akachukua kofia yake. Akarudi na spana. Akamtoa mtoto kitandani, akamfuta mdomo kwa pindo la nguo yake, akanipa mimi. Nilimwambia mikono yangu si ya kuaminika. Akasema, kaa chini basi, umpakate. Kisha akapiga magoti, akaanza kufungua nati moja moja. Zilikuwa zimekazwa na rangi, ingawa hazikuwa na kutu hata chembe. Kobe alitaka kumsaidia akamkatalia.

Nikakaa na mtoto mpaka akamaliza. Kalala mikononi mwangu, na mikono ikitetemeka hivyo hivyo, akadhani nambembeleza.

Baba yako